Waya Mmoja Uliozidi

Wengi huidhani swichi ya mtandao ni kama ekstensheni ya umeme: waya mmoja unaingia, kadhaa zinatoka. Kifaa cha namna hiyo kilikuwepo, kikiitwa habu. Kompyuta moja ikituma data, habu iliirusha kwa zote; mbili zikituma kwa pamoja, data ziligongana na kulazimika kutumwa upya. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ikatoa swichi ya Etherneti yenye poti 7, na ujumbe ukaanza kumfikia mwenyewe tu.

Swichi humjuaje mwenyewe? Kila kadi ya mtandao ina anwani ya MAC, yenye biti 48. Swichi ikiwashwa haijui lolote. Kompyuta iliyo poti ya 3 ikituma, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake: huyu yuko poti ya 3. Kama mpokeaji bado hajaandikwa, nakala hupelekwa poti zote isipokuwa ulikotoka ujumbe. Akijibu, naye anaandikwa. Aliyenyamaza kwa muda, mara nyingi dakika 5, anafutwa. Hakuna fundi aliyegusa kitu, na hapo ndipo ninapoionea fahari.

Ila ina upofu wake. Pakiti ya IP hubeba namba ambayo kila ruta huipunguza hadi pakiti ife. Fremu ya Etherneti, yaani kifurushi ambacho swichi hupitisha, haina namba hiyo. Unganisha swichi mbili kwa waya mbili, na tangazo linalokwenda kwa wote litazunguka bila kikomo, mengine yakirundikana juu yake, mpaka mtandao mzima ukwame. Sekunde chache zatosha.

Dawa ni itifaki iliyobuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman wa kampuni ya Digital, kwa ajili ya vifaa vilivyoitangulia swichi: vifaa huwasiliana, huchagua kimoja kuwa mzizi, kisha hufunga njia za ziada. Njia kuu ikikatika, ya akiba hufunguliwa.

Hata dawa hiyo ina kipimo. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, uliokua kwa kuunga swichi juu ya swichi, uliizidi nguvu itifaki hiyo, na kwa siku kadhaa madaktari wakarudi kuandika kwenye karatasi. Swichi nyingi za bei rahisi hazina kinga hiyo kabisa. Ukikuta waya unaning'inia ofisini, fuatilia kwanza ncha ya pili imechomekwa wapi.