Kisichoonekana si kwamba hakipo: Virusi vilivyojificha na wajibu wa kutafuta tiba

  

Ndugu msomaji, watu wa Bukoba na Muleba hawahitaji kuelezwa msiba wa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza kuripotiwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulibaini kuwa katika kila watu wazima 100 wa mji wa Bukoba, 24 walikuwa na virusi. Katika Muleba na Bukoba Vijijini walikuwa 10. Kwa kuwa chanzo hakikuonekana kwa macho, wapo walioupa ugonjwa huo jina la Juliana, kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda, na wapo waliotuhumiana uchawi. Undugu ukavunjika, na mayatima wakabaki.

Kisha watu wakazinduka. Kufikia mwaka 1999 kiwango cha Muleba kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 4.3. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za ARV bila malipo. Mwenye kuzimeza ipasavyo, virusi hupungua katika damu yake hata kipimo kisivione, naye hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Hii ni neema kubwa.

Lakini ndani ya neema hiyo umo mtihani. Wapo wanaosikia kwamba virusi havionekani, wakadhani vimekwisha. Mwingine huambiwa kuwa amepona kwa kombe alilokunywa, akaacha dawa. Tunapaswa kuuliza: je, kisichoonekana hakipo?

Virusi hivi vikiingia katika seli ya kinga hutengeneza nakala yao ya DNA na kuichomeka ndani ya DNA ya mtu mwenyewe. Baadhi ya nakala hizo hulala humo miaka mingi. ARV huzuia virusi kuzaliana, ila haziing'oi nakala iliyolala. Dawa zikiachwa huamka, mara nyingi baada ya wiki chache tu.

Ndiyo maana wanasayansi wanachungulia ndani ya seli. Tangu mwaka 1953 imejulikana kuwa DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Hata hivyo, penye herufi nyingi za kemikali iitwayo guanini, uzi mmoja unaweza kujikunja ukafanya fundo la pande nne. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha mafundo hayo ndani ya seli za binadamu. Mwaka huohuo wenzao wa Padova, Italia, walionyesha kuwa DNA ya virusi vya UKIMWI nayo inaweza kujikunja hivyo, tena pale penye swichi ya kuviamsha. Katika maabara, molekuli inayolishika na kulikaza fundo hilo iliipunguzia swichi nguvu.

Utajuaje kuwa molekuli imelishika fundo ndani ya seli iliyo hai? Mwaka 2021 watafiti wa Imperial College London walitumia molekuli yenye kung'aa. Ikishika fundo, mng'ao wake hudumu zaidi kuliko ikishika nyuzi mbili za kawaida. Tofauti hiyo hupimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde. Wakaongeza molekuli nyingine isiyong'aa. Ilipoisukuma ile ya kwanza kutoka katika fundo, muda wa mng'ao ukapungua, wakajua kuwa imekaa mahali pake. Walifanya hivyo katika DNA ya seli za binadamu, si ya virusi. Hii bado si dawa; ni njia ya kuitafuta.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna maradhi yasiyo na ponyo kwa Allah, na Qur'ani inatuhimiza tutazame ishara zilizomo katika nafsi zetu. Anayehangaika kupima mng'ao huo mdogo anatafuta ponyo hilo, awe anajua au hajui.

Nasi tunao wajibu. Dua na kisomo ni vya Muumini, wala havigombani na kidonge. Aliyemwamuru bedui amfunge ngamia wake kisha atawakali ametuonyesha njia. Basi asiwepo sheikh wala mganga wa kumwambia mgonjwa aache ARV. Imamu na alizungumze hili katika khutba bila kumfedhehesha mtu. Nasi tuliobaki tusimnyanyapae anayekwenda kliniki kuchukua dawa, maana anayeona haya kuonekana kliniki ndiye huacha kumeza.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiiq.