Watu wawili, tanga moja na usiku mzima ziwani

MBIO za mashua za matanga zinazokesha usiku, hasa zile za mabaharia wawili wawili, zimezoeleka zaidi Ulaya na Australia. Mwaka 2013 baba na mwanawe kutoka Ufaransa, Pascal na Alexis Loison, waliushangaza ulimwengu wa mchezo huo waliponyakua ushindi wa jumla katika mbio za Fastnet, Uingereza, wakiwa wawili tu chomboni huku wapinzani wao wengi wakiwa na kikosi kamili cha mabaharia.

Katika fuo za kaunti za Homa Bay na Migori, ustadi uo huo hutumika pasipo kombe wala wapiga picha. Kuanzia Mbita, Rusinga na Mfangano hadi Sori na Muhuru Bay, wapo wavuvi ambao hadi leo hutegemea tanga badala ya mtambo. Mashua ndogo ya kutega mbuta haibebi umati. Mara nyingi huwa na watu wawili au watatu, nao hukesha ziwani na kurudi kesho yake.

Wanachokitegemea ni upepo, na upepo wa Ziwa Victoria una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huvutwa kuja kujaza nafasi. Ndiyo maana kuanzia asubuhi ya kuchelewa hadi jioni upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea ufuoni. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, na upepo huanza kutoka bara kwenda ziwani, ukizidi nguvu kadiri alfajiri inavyokaribia.

Kwa hiyo mwenye tanga anayetaka kutoka Sori alasiri hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku akiukabili upepo, au kupiga kafi. Akisubiri usiku, upepo wa bara humsukuma bila taabu. Ubaya ni kwamba upepo huo unaomtoa kwa hisani ndio unaomzuia asirudi mapema.

Tanga litumikalo huko ni la pembe tatu, lililofungwa kwenye foromali ndefu inayoning'inia mlingotini. Watu wa Pwani watalitambua mara moja, maana ni jamaa wa tanga la jahazi. Lina nguvu nyingi kwa mashua ndogo, lakini halimhurumii mwenye mikono michache. Mmoja hukaa nyuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye demani, ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Wa pili ana kazi zote zilizobaki: kushusha na kupandisha foromali kwa henza, kuhamisha farumi, kuangalia mbele, na kufua maji kwa upo. Mashua ya mbao huvuja. Upo hautulii.

Kugeuza chombo ndiko kunakohitaji mapatano. Mashua za kisasa za mashindano huelekeza omo kwenye upepo na tanga likajihamia lenyewe. Tanga la foromali halikubali hivyo kwa urahisi, kwa kuwa foromali yote yapasa kuzungushwa mbele ya mlingoti. Watu wawili gizani hupendelea kuupa upepo mgongo, kulegeza demani na kuzunguka polepole. Wanapoteza masafa kidogo, lakini hawapotezi mlingoti.

Kisha kuna usingizi. Mabaharia wa mashindano hugawana usiku kwa zamu za saa mbili au tatu, na anayelala hulala kweli, ndani, penye kitanda. Katika mashua ya uvuvi hakuna ndani. Nyavu zikishategwa, mmoja hujikunja juu ya mbao chini ya turubai na mwenzake hukesha akizichunga, kwa sababu wezi wa nyavu na mitambo wamekuwa kero ya miaka mingi. Atakayekesha pia ndiye atakayeona taa za wavuvi wa omena, ambazo katika usiku usio na mbalamwezi hutanda majini mithili ya mji. Taa hizo ni msaada kwa msafiri, lakini mashua nyingine za kutega hazina taa yoyote, na hizo ndizo za kuogopwa.

Mchana njia husomwa kwa milima: Homa, Gembe, Gwassi na kilele cha Mfangano. Usiku husomwa kwa nyota na kwa mwelekeo wa upepo shavuni. Siku hizi simu yenye ramani husaidia, ilmradi chaji haijaisha. Anayepotea njia upande wa Migori ana hofu ya ziada. Mpaka wa Uganda hauko mbali, na karibu yake ndipo kilipo kisiwa cha Migingo, kijiwe kisichofika ekari moja ambacho Kenya na Uganda zimekizozania tangu miaka ya 2000. Wavuvi wa Kenya wamelalamika mara nyingi kwamba hukamatwa na kunyang'anywa samaki na vifaa na maafisa wa Uganda. Maji hayana ua, na upepo wa bara humsukuma aliyesinzia moja kwa moja upande huo.

Hata hivyo adui mkubwa ni dhoruba. Pepo za nchi kavu zinazotoka pande zote za ziwa usiku hukutana katikati, juu ya maji yenye joto, na hewa yenye unyevu hurushwa juu. Mawingu ya radi huumuka baada ya usiku wa manane na kuendelea hadi asubuhi, saa zile zile ambazo mvuvi yuko mbali na amechoka. Mawimbi ya ziwa si kama ya bahari. Ni mafupi, yana kuta za wima na hufuatana haraka mno kiasi cha kutompa anayefua maji nafasi ya kupumua.

Dalili zipo. Upepo wa bara hufa ghafla, kisha pumzi baridi huja kutoka upande wa wingu. Kati ya mambo hayo mawili huwa kuna dakika chache tu, na hizo ndizo za kushusha tanga. Tanga lililolowa huwa zito, na foromali inayopigwa na upepo haishushwi na mtu mmoja huku mwenzake akipambana na usukani. Wanaosubiri waone itakuwaje ndio wanaopinduka. Mashua ya mbao ikipinduka kwa kawaida huelea, hivyo kuishikilia ni bora kuliko kuogelea kufuata taa inayoonekana karibu. Na mmoja akianguka majini, aliyebaki hana wa kumwelekeza wala wa kumvuta. Kamba ndefu yenye mtungi mtupu wa plastiki inayoburutwa nyuma haigharimu kitu, nayo hugeuka mkono wa tatu.

Sayansi imeanza kusaidia. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walichapisha utafiti ulioonya kwamba dhoruba kali za usiku ziwani humu zitaongezeka kadiri dunia inavyozidi joto. Walionyesha pia kuwa ngurumo kali za alasiri katika nchi kavu inayozunguka ziwa huashiria usiku mbaya majini. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilianzisha mradi wa HIGHWAY, uliozisaidia idara za hali ya hewa za eneo hili, ikiwemo ya Kenya, kuandaa utabiri wa wavuvi unaotaja nguvu za upepo, urefu wa mawimbi na saa za hatari. Ujumbe huo husambazwa kupitia redio, simu na kamati za usimamizi wa fuo.

Lakini utabiri haununui samaki. Nyavu hupandishwa alfajiri, na upepo wa ziwani, ule wa kurudi, huenda usianze hadi saa nne au saa tano. Mwenye mtambo hufika mapema, samaki wake wangali wabichi, na wanunuzi wenye barafu humlaki kwa bei nzuri. Wa tanga hukuta bei imeshuka na mbuta wake wameanza kulegea. Hayo ndiyo mashindano yenyewe, na ndiyo yanayowafanya wawili hao wakate shauri la kung'oa nyavu saa tisa za usiku na kuanza kubisha kuelekea nyumbani, gizani, wingu likiwa bado liko juu ya ziwa.