Kushusha Pikapu ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia Kazi

Pikapu za miaka ya 1970, kama vile Datsun 620, hufufuliwa na wapenzi wake kwa ajili ya matembezi na maonyesho. Wengi hupendelea bodi ikae karibu na barabara. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa usalama. Hata hivyo, mlaji afahamu kwamba kwa ajili ya mwonekano huo anatoa nafasi ambayo springi huihitaji ili kubeba mzigo na kumeza mashimo. Kwa sababu hiyo, njia anayoitumia fundi ina uzito kuliko bei anayoitaja.

Njia zinazokubalika

Mbele, Datsun 620 haina springi za koili. Hubebwa na fimbo ndefu za chuma zinazojisokota. Fimbo hizo zina bolti za kurekebishia, hivyo fundi huweza kuishusha mbele bila kukata chochote. Kwa pikapu zenye koili, njia sahihi ni kufunga springi fupi zilizotengenezwa kwa uzito wa gari husika.

Nyuma, pikapu nyingi za aina hii hutumia springi za mabamba. Ekseli ikiwa juu ya springi, kipande kigumu cha chuma huwekwa kati ya viwili hivyo na kufungwa kwa yubolti ndefu zaidi. Ekseli ikiwa chini ya springi, kipande hicho hicho huinua gari badala ya kulishusha. Fundi asiyeweza kukueleza tofauti hii asikabidhiwe gari.

Njia za mkato tunazozikataza

1. Kukata koili. Springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi, na huweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing'inia.
2. Kupasha springi moto kwa gesi. Moto huo huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Springi hulegea, na upande mmoja huweza kulala kuliko mwingine.
3. Kuondoa mabamba ya springi. Kila bamba linaloondolewa hupunguza uwezo wa kubeba.
4. Kuweka vipande vya mbao, au kubebanisha vipande viwili vya chuma. Vikiteleza, ekseli huhama mahali pake gari likiwa mwendoni.

Breki zisisahaulike

Baadhi ya pikapu zina valvu ya breki inayosoma mzigo kupitia kiungo kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Mzigo unaposhusha bodi, valvu huongeza nguvu ya breki za nyuma. Bodi ikishushwa moja kwa moja, valvu hulichukulia gari tupu kama lililojaa. Dereva akikanyaga breki ghafla, hasa barabara ikiwa na maji, magurudumu ya nyuma huweza kujifunga na gari likageuka. Uliza mapema iwapo gari lako lina valvu hiyo, na jinsi itakavyorekebishwa.

Kabla ya kulipa

- Dai makadirio ya maandishi yanayotaja njia, vipuri, na kiasi cha kushusha kwa milimita.
- Pimeni pamoja, kabla na baada ya kazi, kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi. Pande mbili zilingane.
- Hakikisha shokapu zinaendana na kimo kipya, na kwamba gharama ya alaimenti imo ndani ya bei. Bila alaimenti, matairi huliwa upande mmoja.
- Geuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa na watu ndani. Tairi wala mpira wa breki usiguse chochote.
- Chukua vipuri vyako vya awali. Bila hivyo, kulirejesha gari katika hali yake ya mwanzo ni gharama mpya.
- Toa taarifa ya mabadiliko kwa kampuni ya bima kwa maandishi, kisha hifadhi jibu lake.

Pikapu iliyoshushwa isitegemewe tena kubeba mzigo wake wa awali. Mwenye kuitegemea kwa riziki ya kila siku, tunamshauri aiache katika kimo chake.

Kazi ikiharibika, usiruhusu fundi mwingine aifungue kabla ya kupiga picha. Mwandikie kwanza aliyeifanya na umpe nafasi ya kurekebisha. Akikataa, wasilisha kwetu makadirio, risiti na picha hizo. Malalamiko yenye maandishi huwa rahisi zaidi kufuatilia kuliko makubaliano ya mdomo.