HODI KATIKA NYUMBA ISIYO NA MTU: Lugha ya Ujumbe wa Sauti wa Wakala wa Bima

1. Utangulizi

Mazungumzo ya simu yamewashughulisha wanaisimu kwa muda mrefu. Mwaka wa 1968 Emanuel Schegloff wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya namna watu wanavyofungua mazungumzo hayo. Alionyesha kwamba mlio wa simu ni mwito, na kwamba neno la kwanza la anayepokea ni itikio la mwito huo. Pasipo itikio hapana mazungumzo. Lakini huwaje pale ambapo mwito umetolewa, itikio halikuja, na badala ya mtu pakasikika mtambo ukimwomba mpigaji aache maneno yake?

Makala haya yanakusudia kueleza lugha inayofaa katika hali hiyo. Mfano tutakaoutumia ni wa wakala wa bima anayempigia mteja mtarajiwa, yaani mtu aliyeonyesha haja ya bima lakini hajaamua bado kuinunua. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, muuza nguo anaweza kumwachia mnunuzi kitambaa akishike na kukipima. Wakala wa bima hana cha kuonyesha ila ahadi, na ahadi hujengwa kwa maneno. Pili, nimewasikia baadhi ya mawakala wetu wakitumia ujumbe uliotungwa kwanza kwa Kiingereza cha Marekani, kisha ukageuzwa neno kwa neno. Matokeo yake ni Kiswahili kisichomfikia msikilizaji.

Hoja yangu ni kwamba ujumbe wa sauti una kazi moja tu, nayo ni kuomba ruhusa ya kuzungumza. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Utaratibu wake umo tayari katika desturi ya kupiga hodi.

2. Chombo chenyewe

Mtambo wa kupokea na kuhifadhi ujumbe wa sauti kwa niaba ya watu wengi ulienea Marekani katika miaka ya 1980. Gordon Matthews, mfanyabiashara wa Texas, alipewa hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka wa 1983. Tangu hapo kuacha ujumbe kukawa sehemu ya kazi ya kila siku ya wauzaji wa nchi hiyo, na wakufunzi wao wakaufanyia kanuni: uwe wa nusu dakika hivi, utaje jina na sababu, na nambari irudiwe.

Kwetu Kenya desturi hiyo haikushika mizizi. Aliyemkosa mwenziwe kwenye simu ya mkononi aliona heri kubipu, yaani kuipiga simu na kuikata kabla haijapokewa, ili mwenye salio apige. Jonathan Donner, aliyechunguza jambo hili nchini Rwanda na kuandika juu yake mwaka wa 2007, alionyesha kwamba hata ukimya huo ulikuwa na kanuni zake: nani ambipu nani, na kwa maana gani. Mambo yalibadilika baada ya mwaka wa 2013, WhatsApp ilipoanza kuwawezesha watu kutumiana sauti zilizorekodiwa. Siku hizi wakala asiyepokelewa simu hubonyeza kitufe na kusema. Chombo ni kingine, lakini tatizo la lugha ni lile lile: msemaji anasema, na msikilizaji hayupo.

3. Adabu ya hodi

Tuitazame desturi yenyewe. Mgeni hafungui mlango wa watu. Husimama nje, hupiga hodi, naye akiulizwa ni nani hujitaja. Haingii mpaka asikie "karibu". Kwa adabu ya Waislamu wa pwani, hodi ni tatu. Zikipita bila jibu, mgeni huenda zake, wala haoni kuwa amevunjiwa heshima. Akimkuta mtoto uani humwachia maneno: "Mwambie baba, Fulani alipita. Nitarudi kesho jioni."

Maneno hayo ni machache, lakini yametimia. Yametaja aliyekuja, yamearifu kwamba alikuja, na yametaja wakati atakaorudi. Yaliyoachwa nje yana uzito vile vile. Mgeni hamwambii mtoto kwamba amekuja kudai deni, au kuposa, au kuuliza juu ya ugonjwa wa mwenye nyumba. Mambo hayo yana mahali pake, na mahali penyewe ni ndani, baada ya karibu.

Ujumbe wa sauti ni maneno anayoachiwa mtoto uani. Wakala asiyelitambua hili hutaka kumaliza biashara yote mlangoni.

4. Mfano mbaya na mfano mwema

Ufuatao ni ujumbe nilioutunga kwa kukusanya makosa ninayoyasikia mara kwa mara:

"Habari Fulani! Jina langu ni Fulani na ninaita kutoka kampuni ya bima. Niko na habari njema kwa ajili yako! Tuna bima ya maisha, ya afya, ya gari na ya elimu, kwa bei ambayo hutaamini. Usikose nafasi hii! Niite nyuma haraka iwezekanavyo."

Tuanze na msamiati. "Ninaita kutoka" na "niite nyuma" ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Kwa Kiswahili mtu hupiga simu, na kauli ya kutendea hubeba uhusiano wa wawili hao kwa wepesi: nakupigia, unipigie, nitakupigia. Jina la mteja nalo limetajwa uchi, bila Bwana, Bi, Mama wala Mzee, kana kwamba wawili hao walicheza pamoja utotoni. Lakini kosa kubwa zaidi si la msamiati. Msikilizaji hajaelezwa kwa nini amepigiwa yeye na si jirani yake. Ujumbe huu ungeweza kuachiwa mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna anayejiona ameambiwa.

Sasa tuulinganishe na huu:

"Hujambo, Bi Fulani. Mimi ni Fulani, wakala wa bima wa kampuni fulani, hapa Nakuru. Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano wa chama chenu, uliniuliza maswali mawili juu ya bima ya elimu, ukanipa nambari yako. Majibu ninayo. Nitakupigia tena Alhamisi saa nne asubuhi. Kama saa hiyo haikufai, naomba unijulishe. Nambari yangu ni hii, nitaisema mara mbili. Asante, Bi Fulani."

Msomaji ataona kwamba ujumbe huu haukuuza kitu. Umemkumbusha mteja jambo alilolianzisha mwenyewe, nalo ni jambo lisilo na siri. Majibu hayakutolewa, kwa kuwa mahali pake ni katika mazungumzo. Aidha, mzigo wa kupiga tena umebebwa na wakala. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika uchunguzi wao wa adabu za lugha wa mwaka wa 1978, walieleza kwamba kila ombi humwelemea anayeombwa, na kwamba msemaji mstaarabu hutafuta njia ya kuupunguza uzito huo. Kiswahili kina njia hizo katika kitenzi chenyewe. "Nipigie" ni amri. "Naomba unipigie" ni ombi. "Nitakupigia, na kama haikufai naomba unijulishe" humwachia msikilizaji mlango wa kutokea.

5. Salamu, saa na nambari

Kuna mambo matatu madogo yanayoharibu ujumbe mwingi, na yote ni ya lugha.

La kwanza ni salamu. Salamu za Kiswahili ni za kujibizana: shikamoo hungoja marahaba, na habari za nyumbani hungoja njema. Mbele ya mtambo hakuna wa kujibu. Wakala anayeuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, kisha akanyamaza kidogo kana kwamba anajibiwa, humchosha msikilizaji kabla ya kufika kwenye jambo. Kuacha salamu kabisa nako ni ufidhuli. Salamu moja yatosha. Zilizobaki zingoje siku ya kuzungumza.

La pili ni saa. Saa nne ya Kiswahili huja saa nne baada ya mapambazuko, lakini Wakenya wengi huchanganya hesabu hii na ile ya Kiingereza katika siku moja. Anayesema "saa nne" peke yake amewaalika watu wawili mahali pamoja kwa nyakati mbili. Ni lazima sehemu ya siku itajwe: saa nne asubuhi, saa kumi jioni.

La tatu ni nambari ya simu. Msikilizaji anatafuta kalamu huku nambari inapita. Itamkwe tarakimu moja moja, kwa mafungu ya tatu tatu, kwa lugha moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha irudiwe. Kanuni za mazungumzo alizozieleza H. P. Grice mwaka wa 1975, kwamba msemaji atoe habari za kutosha bila kupita kiasi, zenye ukweli, zinazohusika na zilizo wazi, hujaribiwa vikali hapa, kwa sababu msikilizaji hawezi kumkatiza msemaji na kumwuliza.

6. Ukweli wa anayepiga hodi

Nikiwa masomoni Marekani nilikuta siku moja ujumbe katika simu yangu. Sauti ya mwanamke, ya upole, iliniomba nipige simu upesi "kuhusu jambo muhimu la familia yako". Familia yangu ilikuwa Kenya, na mama alikuwa mgonjwa. Nilipiga nambari ile huku mkono ukinitetemeka. Alikuwa mwuzaji wa bima ya maisha. Jambo muhimu la familia yangu, alisema, lilikuwa wangeishije kama ningekufa.

Kwa kipimo cha baadhi ya wauzaji ujumbe ule ulifaulu, kwa kuwa nilipiga. Mimi nasema ulishindwa. Sikununua, na kwa miaka kadhaa nililishuku kila neno lililotoka katika kinywa cha wakala wa bima. Neno lenyewe "bima" lilitufikia kutoka Bara Hindi, na asili yake hunasibishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Wakala hufanya kazi karibu na hofu za watu: kifo, ugonjwa, moto, ajali. Ndiyo maana hana ruhusa ya kuichezea hofu hiyo.

Sheria ya bima yenyewe imesimama juu ya msingi huu. Katika kesi ya Carter na Boehm ya mwaka wa 1766, hakimu Mansfield wa Uingereza alieleza kwamba mkataba wa bima unadai nia njema kwa pande zote mbili. Mteja akificha maradhi yake, anaweza kunyimwa fidia. Yafaa tuulize basi: mkataba unaodai ukweli kiasi hicho utaanzaje kwa hila ya mlangoni?

Serikali nazo zimeingilia kati. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda wenye simu mwaka wa 1991, na mwaka wa 2022 tume yake ya mawasiliano iliamua kwamba hata ujumbe unaopenyezwa katika simu ya mkononi bila simu kulia huhesabiwa kuwa ni simu, na huhitaji idhini. Kwetu, Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa habari zake zitumiwe katika kumtafutia biashara. Hodi tatu zisizojibiwa zilikuwa na maana hiyo hiyo kabla ya sheria hizi.

Faragha inadai tahadhari nyingine. Ujumbe wa sauti husikilizwa ndani ya matatu, jikoni, au mbele ya wakwe. Mteja aliyeuliza juu ya bima kwa sababu ya maradhi yake asisikie maradhi hayo yakitajwa na simu mbele ya abiria. "Lile jambo ulilonieleza" latosha, mwenyewe analijua.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba ujumbe mwema wa wakala ni mfupi, humtaja aliyeuacha, hueleza kwa nini amepigiwa mtu huyu na si mwingine, hutaja saa kwa uwazi, wala hauuzi kitu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtoto aliyelelewa kwa adabu za Kiswahili hakulijua alipotumwa kwa jirani.

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuchunguza lugha ya mashairi na ya vitabu, na ni vyema. Lakini lugha inayosemwa ofisini na katika simu nayo ni yetu, na watu hupoteza fedha na imani kwa sababu yake. Tuwaombe wanafunzi wetu wakusanye ujumbe wa namna hii, kwa idhini ya wenyewe, wauchambue. Na wakala atakayetuuliza aseme nini mtambo unapoitika badala ya mtu, tumjibu kwamba ajitaje, aseme kilichomleta, aage, na akubali kwamba mwenye nyumba anaweza kukaa kimya.