Je, Wajua? Mwani, sabuni na akina mama wa pwani

Je, wajua kwamba dawa ya meno uliyotumia asubuhi huenda imepita mikononi mwa mama wa Paje au Jambiani, Unguja? Mwani hutoa karajinani, utomvu unaofanya dawa ya meno, losheni na aiskrimu vishikamane.

Wajua kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino? Wakulima wake wengi ni wanawake.

Na kazi yenyewe waijua? Bamvua likifika na maji yakikupwa, mama hushuka pwani na mambo, yaani vigingi, na kamba. Huchomeka mambo mchangani, huvuta kamba, hufunga mbegu kishada kimoja kimoja, mgongo umeinama, hadi maji yarudi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, kisha huuza kwa kilo. Bei huja na mnunuzi.

Sasa tazama ujuzi unavyofanya. Tangu 2006, mtafiti Dk. Flower Msuya na wenzake wamewafundisha akina mama kusaga mwani na kupika sabuni: unga wa mwani, mafuta ya nazi, kostiki soda, mafuta ya karafuu. Kipande kimoja huweza kuleta pesa nyingi kuliko kilo nzima ya mwani mkavu. Ni mwani uleule, pwani ileile, ila safari hii bei anaipanga mama.

Wajua kwamba ng'ambo ya mpaka, Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, Kenya, akina mama nao hulima mwani na kutengeneza sabuni?

Wajua kwamba kotonii, mwani wenye bei nzuri, hufa maji ya ufukweni yakipata joto? Dawa ni kuupeleka kina kirefu. Huko kunahitajika chombo na kuogelea, na wengi wa akina mama hawa, waliozaliwa hatua chache tu kutoka baharini, hawakufundishwa kuogelea utotoni. Hili linaniuma. Somo moja alilonyimwa msichana linamfungia mwanamke shamba zima.

Wajua kwamba ujuzi haukuishia kwenye mwani, na wako wanawake wa vijijini Zanzibar, baadhi yao hawakupata kusoma, waliokwenda Tilonia, India, kwa miezi sita kujifunza umeme wa jua? Nyaya na vifaa walivitambua kwa rangi. Siku hizi mafunzo hayo yanatolewa Kibokwa, Unguja, na taa ya jirani ikizimika, anayeitwa ni bibi aliyejifunza umeme huo.