Je, Wajua? Makosa ya Kiingereza Yana Asili Yake

Mtoto wa Sosiot, eneo la Belgut katika Kaunti ya Kericho, hukua na lugha tatu: Kikipsigis nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Anapokosea Kiingereza, mara nyingi huwa hakubahatisha. Amefuata kanuni halali ya lugha anayoijua zaidi, ila ameitumia pasipo mahali pake. Yafuatayo ni baadhi ya makosa yanayosikika sana, yanakotoka, na namna ya kuyasahihisha.

Je, wajua kwamba lugha hizi tatu zote zinatambuliwa na sheria?
Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza miaka ya 1920, yakavuta wafanyakazi Waluo, Abagusii na Waluhya waliokuja kufanya kazi pamoja na wenyeji. Penye lugha nyingi hivyo, Kiswahili kikawa cha kuelewana. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na Serikali ina wajibu wa kukuza lugha za wenyeji.

Je, wajua kwa nini mama huitwa "he"?
Kiswahili kina "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kikipsigis nacho hakitofautishi jinsia katika nafsi ya tatu. Mwanafunzi husema "My mother, he is at home" kwa sababu lugha zake mbili za kwanza hazijawahi kumdai tofauti hiyo. Hata hivyo, majina ya Wakipsigis yanayo: mara nyingi Kip- huwa ya mvulana na Chep- au Che- ya msichana. Kiprotich na Cherotich wote walizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani, lakini Kiprotich ni "he" na Cherotich ni "she". Mwalimu akianzia kwenye majina ya watoto waliomo darasani, somo litaeleweka upesi.

Je, wajua kwamba kwa Kiingereza mtendaji hutajwa mara moja tu?
Katika "Mwalimu anasema", kiambishi a- kinamrejelea mwalimu aliyekwisha kutajwa. Ndiyo asili ya "The teacher he says" na "Me I think". Kitenzi cha Kiingereza hakibebi kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo jina likishatajwa halihitaji msaidizi. Sahihi ni "The teacher says" na "I think".

Je, wajua kwamba Kikipsigis kina nyakati tatu zilizopita?
Lugha za Kikalenjin, Kikipsigis kikiwamo, hutenganisha jambo la leo, la jana au siku za karibuni, na la zamani, kwa viambishi ka-, ko- na ki-. Kiingereza hakipimi umbali wa siku. Kinauliza kama wakati uliotajwa umekwisha. Ukitaja "yesterday", "last week" au "in 2010", "have" haina nafasi. "I have seen him yesterday" ni kosa. Sema "I saw him yesterday". "I have seen him" peke yake, bila kutaja lini, ni sawa. Kiswahili sanifu kinatoa mfano huohuo: tunasema "nimemwona", lakini "nilimwona jana".

Je, wajua kwamba "yes" inaweza kupotosha ushahidi?
Tukiulizwa "Hukula?" tunajibu "Ndiyo, sikula", maana tunakubaliana na muulizaji. Kiingereza hutazama tendo lenyewe. Kwa swali "Didn't you eat?" aliyeshinda njaa hujibu "No, I didn't", na aliyekula hujibu "Yes, I did". Hospitalini, polisi au kwenye mahojiano ya kazi, tofauti hii ina uzito. Usijibu neno moja tu. Ongeza "I did" au "I didn't".

Je, wajua kwamba "Borrow me a pen" imetoka kwenye kuazima?
Kiswahili huruhusu kitenzi kimoja kwa pande zote mbili: naazima kalamu kwako, nawe waniazima. Kiingereza kinatenga mpokeaji na mtoaji. Kumbuka kukopa na kukopesha: "borrow" ni ya anayechukua kama mkopaji, "lend" ni ya anayetoa kama mkopeshaji. Kwa hiyo omba hivi: "Lend me a pen", au "May I borrow your pen?"

Je, wajua kwamba ushauri hauhesabiki kwa Kiingereza?
Kwetu kuna shauri na mashauri, kifaa na vifaa, mzigo na mizigo. Ndiyo maana barua nyingi za ofisini zina "advices", "equipments", "luggages" na "informations". Maneno haya hayachukui -s. Ukitaka kuhesabu, tumia "a piece of": "a piece of advice", "two pieces of luggage".

Je, wajua kwamba "discuss" haitaki "about"?
Tunazungumza kuhusu jambo na kutilia mkazo juu ya jambo, kisha tunabeba kihusishi hicho hadi kwenye Kiingereza. "Discuss" na "emphasise" hupokea jambo lenyewe moja kwa moja: "We discussed the fees." Vivyo hivyo "return back" na "repeat again" zinarudia maana iliyokwisha kusemwa, "return" na "repeat" zinatosha.

Je, wajua kwamba si kila kinachokatazwa ni kosa?
Wanafunzi wengi wameonywa wasimalizie sentensi kwa kihusishi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alilaumu mtindo huo katika maandishi ya Ben Jonson, na wengine wakamfuata. Hata hivyo Waingereza hawajaacha kuutumia, na "Who did you come with?" ni Kiingereza safi.

Je, wajua alama zilizopo?
Mtihani wa Kiingereza wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya sekondari, una karatasi tatu zenye alama 60, 80 na 60. Katika karatasi ya pili, sarufi peke yake hupewa alama 15. Sarufi hiyohiyo hupimwa tena katika insha na barua za karatasi nyingine.

Je, wajua kwamba msomi wa Kikipsigis aliichambua lugha yake?
Dkt. Taaitta Toweett, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Kenya, alikuwa pia mwanaisimu. Mwaka 1979 kilitoka kitabu chake cha uchambuzi wa Kikalenjin. Kazi hiyo ni ushahidi kwamba lugha inayozungumzwa mashambani Kericho ina sarufi kamili, inayostahili kusomwa kwa makini kama Kiingereza.

Mwalimu na mzazi, mtoto akisema "he" akimaanisha mama yake, msimcheke wala msimwadhibu kwa kuzungumza lugha ya nyumbani. Mwonyesheni palipo na tofauti kati ya lugha zake, kisha atungiwe sentensi tano za mazoezi. Anayejua kwa nini alikosea hujisahihisha mwenyewe siku ya mtihani.