Koneksio ikikatika, usilaumu rezo kwanza

Wandugu, huku Mahagi-Port programu ya Python ikikatikia njiani na data ya mavuno ya muhogo, siye wote tunasema: "Ni rezo." Mimi nasoma kwanza namba ya kosa. MySQL ikitoa 2006, mara nyingi koneksio ililala bila kazi, seva ikaifunga: wait_timeout ya kawaida ni sekunde 28800, ni kusema masaa 8. Fungua koneksio mpya. Ikitoa 2013, imekatika katikati ya kazi. Pale rezo inaweza kuwa na kosa.

Weka mistari yote ndani ya transaksio moja. Kama COMMIT haijapita, InnoDB inafuta nusu iliyoingia, unaanza upya. Shamba likihesabiwa mara mbili, mbegu zitagawanywa vibaya.